Benchi na Mkanda: Mtoto wa Kisumu Acheze Nini?

Mhadhara kwa wazazi, walimu wa michezo na makocha, Kisumu



Swali lililotukutanisha jioni hii huulizwa kila shule zinapofungwa. Mzazi anakuja kamshika mwanawe mkono, anasema: "Mwalimu, huyu nimpeleke karate au nimwache kwenye mpira?" Wengine hutaja taekwondo, wengine judo, wachache ndondi. Nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna jambo ambalo mzazi halitoi kwa mara ya kwanza. Huyu mwanawe anaonewa shuleni. Yule wake ana fujo, na kila wiki mama anaitwa na mwalimu wa zamu. Mwingine ana binti anayepita Obunga jioni akitoka masomo ya ziada, na roho ya baba haitulii mpaka asikie mlango ukifunguliwa. Wapo pia walioona watoto wa Milimani wakishuka garini na sare nyeupe na mikanda ya rangi, wakaona wa kwao anapitwa.

Nitatoa msimamo wangu sasa hivi, kisha niutetee. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka 12, jina la mchezo si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni dakika ngapi atacheza kweli, wiki baada ya wiki, bila kugeuzwa mtazamaji. Na kwa jinsi tunavyoiendesha hapa kwetu, michezo ya timu tunayoipenda kwa dhati inakalisha watoto wengi kuliko inaowachezesha. Dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya mapambano, halina benchi. Hilo ndilo somo ambalo watu wa mpira tunapaswa kulichukua kutoka kwa watu wa karate na judo, na ninalisema nikiwa mtu wa timu. Nimelelewa na mpira wa magongo na nimeufundisha tangu ujana wangu.

Sihitaji kuwauzia mpira watu wa Kisumu. Mtoto wa Manyatta au Nyalenda hajajua kusoma lakini Gor Mahia anaijua. Klabu hiyo ilizaliwa 1968, na mwaka 1987 ilitoka sare ya 2–2 na Espérance kule Tunis, ikatoka sare ya 1–1 jijini Nairobi, ikatwaa Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya soka ya Kenya iliyowahi kubeba kombe la bara. Wazee walio mbele yangu wanakumbuka Luo Union ilivyochukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976, ikarudia 1977. Tumepata uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo kwa ajili ya Sikukuu ya Madaraka ya 2021, na tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipokabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, homa imepanda zaidi. Wala si kandanda peke yake. Wasichana wa shule za Sinyolo hapa Kisumu na Nyamira kule Bondo wameheshimika kwenye magongo kwa miaka mingi, na Dala Sevens inapofika mjini, hata mama asiyejua sheria moja ya raga huvaa jezi.

Upande wa pili, mapambano nayo si mgeni aliyeletwa na filamu za video. Wavulana waliokuwa wakichunga ng'ombe huku kandokando ya ziwa walicheza adhula, makundi mawili yakigombea mpira kwa fimbo zilizopinda, na wakacheza olengo, mieleka ya wawili wawili, siku hiyo hiyo na kwenye malisho yale yale. Hakuna mzee aliyemketisha mtoto akamwambia achague kimojawapo. Mtoto alijua kukimbia na wenzake, na alijua kusimama peke yake mbele ya mwenzake mmoja, akaangushwa, akainuka. Swali la "hiki au kile" limekuja na ada, ratiba na nauli ya boda boda.

Sasa niwapeleke kwenye benchi.

Mpira wa mtaani hauna benchi. Watoto wanafunga matambara kwa kamba, zamani walitumia majuala mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, wanaweka mawe mawili kuwa goli, na wakija wawili zaidi wanagawanywa, mmoja huku mmoja kule. Wanaweza kuwa 15 kila upande. Aliye mdogo kabisa anawekwa golini au anaambiwa akae pembeni kidogo akingoja pasi, lakini yumo. Benchi huja pamoja na jezi. Siku mwalimu anapotoa jezi kwenye gunia, anahesabu 11, anaongeza wa akiba, na waliobaki wanaambiwa washangilie.

Nilimtazama mmoja wao kwa karibu alasiri moja, kwenye mazoezi ya shule ambayo sitaitaja. Mvulana wa miaka kama 10, miguu myembamba, amevaa kaptula ya shule. Alikuwa amepewa kazi ya kulinda slipa na mikoba ya wachezaji. Alizipanga slipa mbili mbili kando ya mstari, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo, akaketi juu ya mkoba wake mwenyewe. Mpira ulipotoka upande wake aliruka, akaukimbilia hadi kwenye nyasi ndefu, akaurudisha kwa mguu wa kushoto, vizuri sana, kisha akarudi kuketi. Kocha hakuuona ule mguu wa kushoto, macho yake yalikuwa kwa kumi na moja wake. Mazoezi yalipoisha mvulana aligawa slipa, kila mtu na zake, bila kukosea. Ukimuuliza mama yake jioni ile, angekuambia mtoto alikuwa "kwenye mpira" tangu saa kumi.

Fanyeni hesabu wenyewe. Shule ya watoto 800 ikiwa na timu ya kandanda ya wavulana na ya wasichana, netiboli, wavu na magongo, ukijumlisha wote hufiki 150. Na wanaojua kukimbia ndio hao hao wanaorudiwa kila timu, kwa hiyo miili iliyotoka jasho ni michache kuliko majina. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha hadi moyo upige kwa kasi. Takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 duniani, wenye miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango hicho. Sisi hapa tunapenda kujifariji kwamba watoto wetu wanatembea na kuchota maji. Wengi bado wanafanya hivyo. Lakini wengi pia siku hizi wanapelekwa shuleni kwa boda boda na kurudishwa kwa boda boda, na jioni wana kazi za ziada mpaka taa zinawashwa.

Tuingie ukumbini sasa. Ukumbi wa kanisa, Jumamosi asubuhi, viti vya plastiki vimepandishwa kimoja juu ya kingine na kusukumwa ukutani. Watoto wamejipanga kwa mikanda, mkanda mweusi hakuna, kahawia mmoja, wengine kijani na manjano, na mstari wa nyuma wote mikanda myeupe. Wanainama, wanaanza kata, ule mfululizo wa hatua na mapigo yaliyopangwa. Katikati ya kata, msichana mmoja wa mkanda mweupe anageukia kulia wakati wenzake wote wamegeukia kushoto, anajikuta ana kwa ana na mstari mzima. Anaganda. Mwalimu hakupaza sauti. Alikwenda akasimama kando yake, akatazama upande ule ule anaoutazama yeye, akausogeza mguu wake mwenyewe polepole ili auone kisigino kinavyozunguka. Msichana akaufuata. Kisha darasa zima, pamoja na yule wa mkanda wa kahawia, likarudi mwanzo wa kata. Muda wote wa saa ile hapakuwa na mtoto aliyeketi.

Nadhani mmeanza kuona ninakoelekea. Katika dojo linaloendeshwa vizuri, mtoto mzito, mtoto mwoga, mtoto mwenye miwani, wote wana mkanda wao wa kuutafuta. Hakuna anayesubiri mwenzake aumie ndipo naye aitwe.

Na faida si ya misuli pekee. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Marekani, Kimberley Lakes na William Hoyt, walichapisha utafiti juu ya watoto 207 wa shule moja, kuanzia chekechea hadi darasa la tano. Kundi moja lilifanya kipindi cha kawaida cha elimu ya viungo, jingine likafundishwa taekwondo kwa miezi 3. Watoto wa taekwondo walizoezwa kujiuliza niko wapi, ninafanya nini, na ninapaswa kuwa ninafanya nini. Walionyesha kujitawala zaidi darasani, wavulana hasa, na hata kwenye hesabu za kichwa walifanya vizuri zaidi. Kwa mama anayeitwa shuleni kila wiki, hiyo ni habari ya kuizingatia.

Ila asikimbilie mlango wowote ulioandikwa karate. Kuna utafiti wa zamani kidogo wa Michael Trulson, wa 1986, uliowafuatilia vijana waliokuwa na makosa ya sheria kwa miezi 6. Wengine walifundishwa taekwondo ya jadi, yenye kuinamiana, kutulia, kufundishwa heshima na kusudi la kila pigo. Wengine wakafundishwa mapigo tu, bila hayo mengine. Kundi la tatu likakimbia na kucheza mpira. Waliofundishwa kwa njia ya jadi ukali wao ulipungua. Waliofundishwa mapigo peke yake ukali uliongezeka. Miaka kama 20 baadaye, mwaka 2005, Inger Endresen na Dan Olweus wa Norwei walichapisha matokeo yanayofanana na hayo. Wavulana walioingia kwenye ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na mapambano ya Mashariki waliongezeka tabia za ukorofi hata nje ya ukumbi. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa fujo asiangalie sare. Akae kwenye vile viti vya ukutani kipindi kizima, asikilize mwalimu anasifu nini. Anamsifu aliyempiga mwenzake kwa nguvu, au aliyezuia mkono usimfikie?

Kuna jingine linaloweza kuonekana kunipinga, nami nalitaja kwa sababu mzazi anastahili kulijua. Mwaka 2022, Matt Hoffmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 11,235 wa Marekani wenye miaka 9 hadi 13. Waliokuwa kwenye michezo ya timu walikuwa na dalili chache zaidi za wasiwasi, huzuni na kujitenga kuliko wasiocheza chochote. Waliokuwa kwenye michezo ya mtu mmoja pekee, kama tenisi na mieleka, walikuwa na dalili nyingi kuliko hata wasiocheza. Uchunguzi wa aina hii hausemi kipi kimesababisha kipi. Huenda mtoto aliye mpweke ndiye anayevutwa na mchezo wa mtu mmoja. Lakini unanikumbusha kile ambacho timu humpa mtoto na dojo baridi haliwezi kumpa, yaani mtu wa kumkumbatia akifunga na wa kulia naye wakifungwa. Kwetu huku hilo lina uzito wake, maana ngalawa na mashua za omena na mbuta haziendi majini na mtu mmoja. Mtoto asiyejua kuwategemea wenzake atajifunza baadaye, kwa gharama kubwa zaidi.

Hata hivyo nani alisema mapambano ni ya mtu mmoja? Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliweka msingi kwamba wewe na mwenzako mnafaidika pamoja. Huwezi kujifunza kumtupa mtu bila mtu anayekubali kutupwa. Anakuazima mwili wake, nawe unawajibika kuurudisha salama. Somo la kwanza la judo ni kuanguka, na la pili ni kumwangusha mwenzako bila kumvunja. Waliobahatika kuona judo ikifundishwa na mtu anayeijua wanajua kuwa mara nyingi kuna urafiki mwingi juu ya tatami, mkeka wa judo, kuliko kwenye chumba cha kubadilishia jezi cha timu inayogombania nafasi.

Tatizo ni mwalimu asiyeijua. Na hapa sitapita haraka, kwa sababu ni uhai wa watoto. Japan ndiko judo ilikozaliwa, na bado kati ya 1983 na 2011 zaidi ya wanafunzi 100 walikufa katika judo ya shule, wengi kwa majeraha ya kichwa. Hawakufa kwa sababu judo ni mbaya. Wengi wao walikuwa wageni kwenye mchezo, wakitupwa na wakubwa kabla ya kujua kuanguka, na watu wazima waliokuwa zamu wakachukua kizunguzungu kuwa uvivu. Wazazi wa Japan walijipanga, wakasema, na mafunzo ya walimu yakabadilishwa. Kisha Machi 2022 shirikisho la judo la nchi hiyo lilifuta mashindano ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, likieleza kwamba watu wazima walikuwa wamezidi kutaka ushindi. Nawaomba makocha wa Kisumu wa mchezo wowote wautafakari uamuzi huo. Ikiwa nchi iliyoizaa judo imeona mtoto wa miaka 10 hahitaji kuwa bingwa wa taifa, sisi tunakimbilia nini?

Kichwa cha mtoto ndio mpaka wangu, na sitausogeza. Ndondi ya kupigana usoni sikubali kwa mtoto, hata akivaa kofia ya kinga, na mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja la kuipinga kwa watoto na vijana. Nayasema haya nikiipenda ndondi ya Kenya. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, na hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyewahi kuipata. Julai 1994 alikufa Las Vegas baada ya pambano, akiwa na miaka 26. Mtoto anaweza kuruka kamba, kupiga begi, kujifunza miguu ya bondia, na kurudi nyumbani na akili zake zote. Kupigwa kichwani kunaweza kusubiri mpaka awe mtu mzima anayejiamulia. Na watu wa kandanda msitabasamu. Marekani ilikataza mwaka 2015 watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 Chama cha Soka cha Uingereza kikaondoa zoezi la vichwa kwa watoto wa shule za msingi. Hapa kwetu bado ninaona mpira uliolowa maji ya mvua ukirushiwa watoto wa darasa la nne wapange foleni kuupiga kwa kichwa.

Kuhusu binti zetu. Baba wa msichana wa Obunga ana haki ya kuogopa, na kosa ni la anayemvizia mtoto, kamwe si la mtoto asiyejua mateke. Lakini kuna ushahidi wa Kenya yenyewe ambao kila mzazi wa msichana anapaswa kuufahamu. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana walifundishwa kujilinda kwa vipindi 6 vya saa mbili mbili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la madaktari wa watoto la Pediatrics. Unyanyasaji wa kingono ulipungua kati ya waliofundishwa, na zaidi ya nusu yao walisema walitumia walichojifunza kumzuia mtu. Silaha ya kwanza waliyoitumia wengi ilikuwa sauti, kusema hapana kwa nguvu, kupiga kelele, kuondoka mapema. Mateke yalikuja mwisho. Mafunzo ya namna hiyo ni ya saa 12, si ya miaka 5, na hayahitaji sare. Mimi ningependa kila msichana wa Kisumu ayapate, awe anacheza magongo, kandanda au hachezi kitu.

Akitaka kuendelea na mapambano, aendelee. Conjestina Achieng wa Yala alituonyesha hapa hapa Nyanza kwamba msichana anaweza kupanda ulingoni na kijiji kizima kikasimama, na Faith Ogallo aliibeba bendera yetu kwenye taekwondo katika Olimpiki ya Tokyo. Akitaka mpira, Junior Starlets walicheza Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika kombe lolote la dunia. Lisilokubalika ni msichana kuambiwa jioni ni ya vyombo wakati kaka yake yuko uwanjani.

Kuna suala la fedha, na ni aibu kulikwepa mbele ya wazazi wanaouza samaki Dunga na mboga Kibuye. Karate ina sare, ada ya mwezi, ada ya mtihani wa mkanda, nauli. Mpira mmoja unachezewa na mtaa mzima. Kwa hiyo ninaposema dojo halina benchi, najua lina mlango, na wengine hawawezi kuulipia. Kwa anayeweza, ushauri wangu ni mmoja tu. Muulize mwalimu mara ya mwisho ni nani alishindwa mtihani wa mkanda, na baada ya kushindwa alisaidiwaje. Kama hajawahi kushindwa mtu, unanunua mikanda. Kama walishindwa wengi na wote wakatoweka, benchi lipo, ila hulioni.

Na kwa asiyeweza, jukumu ni letu, sisi watu wa timu. Mfano tunao nchini. Chama cha michezo ya vijana cha Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 jijini Nairobi na kikajenga ligi za mitaa zenye maelfu ya watoto, wavulana na wasichana, ambamo timu hupata pointi pia kwa kusafisha mtaa. Hawakuanza kwa kutafuta 11 bora. Walianza kwa kuongeza timu. Norwei nako, tangu 1987, michezo ya watoto ina kanuni zilizoandikwa. Msimamo wa ligi na orodha za washindi havitolewi kabla mtoto hajafika miaka 11, na mashindano ya ubingwa wa taifa hayapo kabla ya 13. Nchi hiyo haijakosa wanamichezo.

Nalisisitiza hili sasa kwa sababu ya mtaala. Tangu Januari 2026 wanafunzi wanaoingia sekondari ya juu wanaweza kufuata njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni jambo jema, nimelipigania. Lakini nimeshaanza kusikia wazazi wakitaka mtoto wa darasa la tatu achague mchezo wake ili awahi. Asiwahi. Mtoto wa miaka 8 mpe kukimbia, kuruka, kuogelea mahali palipo salama na mbali na maji ya kichocho, kubingirika na kuanguka. Kati ya miaka 9 na 12 mpe vyote viwili kama njia inaruhusu, timu wakati shule ziko wazi, na mkeka wakati wa likizo ya Aprili, Agosti na Desemba. Yule anayeonewa ataanza kunyoosha mgongo kwenye dojo, ila asipelekwe kule ili arudi akalipize. Mwambieni mwalimu ukweli tangu siku ya kwanza. Yule mpweke ambaye hana rafiki hata mmoja, ningemtia kwenye timu kwanza, hata kama hajui kupiga mpira, mradi kocha ameahidi kumchezesha. Ahadi hiyo idai kwa mdomo wako, mbele ya mtoto.

Ninachowaomba walimu wakuu ni kitu kinachowezekana muhula ujao bila kusubiri bajeti. Kila shule iwe na timu B na timu C, na kwenye mechi za watoto chini ya miaka 12 kila aliyevaa jezi acheze angalau nusu ya muda. Mtu mmoja akae pembeni na saa na daftari aandike dakika za kila mtoto, kama tunavyoandika mabao. Kocha atakayepoteza mechi kwa sababu aliwachezesha wote asiitwe ofisini. Makocha wa karate, judo na taekwondo nao nawaomba wiki moja ya likizo, bila ada, kwenye kumbi za shule ambazo wakati huo zimefungwa kufuli, na somo la kwanza liwe kuanguka.

Kuna daftari kwenye meza pale mlangoni. Walimu wakuu walio tayari kwa ligi ya timu B waandike jina la shule na idadi ya watoto, wote, si wachezaji. Makocha waandike wiki watakayokuwa na nafasi mwezi wa nne. Mzazi mwenye saa ya mkononi na Jumamosi moja kwa mwezi aandike pia, maana tutahitaji watu wa kuhesabu dakika. Tutakutana kupanga ratiba Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, humu humu. Sasa nawakaribisha maswali, tuanze na wale vijana waliosimama kule nyuma kwa kukosa viti.